Boma la Namba

Mama Elsie aliitoa ile kadi ndani ya Biblia, akairudisha, akaitoa tena. Mara ya tatu aliiweka mezani, kando ya kikombe cha chai ambacho Inspekta Kezia Nerima hakuwa amekiomba, na kuifunika kwa kiganja kana kwamba ingepeperuka.

"Baba Elsie alisema nimpe polisi," alisema. "Si mtu wa kazini. Polisi."

"Sisi ndio polisi, mama."

"Nilikuja huko kwenu jana saa nane. Yule wa kaunta akaniambia ni sikukuu, nirudi leo. Ndipo nikarudi alfajiri."

Jana, tarehe ishirini Oktoba, nchi nzima ilikuwa imepumzika, na kituo chao kilikuwa kimepumzika kuliko nchi. Nerima alipiga funda moja la chai ili apate nafasi ya kuimeza aibu, kisha akafungua daftari.

Maelezo yenyewe yalikuwa mafupi. Nzivo Matheka, umri miaka hamsini na mmoja, karani katika yadi ya kontena ya Tai Wawili kule Industrial Area, alirudi nyumbani Mbotela Jumanne saa saba mchana kula, kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa. Muthokoi wake wa mahindi na maharagwe aliuacha nusu sahani, jambo ambalo mkewe hakumbuki kuliona tangu waoane. Akamwambia kwamba amegundua kontena moja ambayo karatasi zake zinasema imebeba vyuma chakavu, kumbe ndani mna dawa za watoto zilizoharibika, zimebandikwa tarehe mpya juu ya ile ya zamani, na zinangoja treni ya Alhamisi usiku kwenda bara. Akaandika kadi, akaitia katika Biblia, akarudi kazini. Hakuonekana tena.

"Daftari la lango linasemaje?" Nerima alimuuliza Koplo Odero, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu viti vilikuwa viwili tu.

"Nimelipitia alfajiri, Afande. Aliingia saa nane kasoro dakika tano. Kutoka, hakuna. Na mlinzi anaapa kwa kaburi la mamake kwamba hakumwona akipita."

"Kama hakutoka, basi yumo."

Ofisi na choo vya ile yadi Odero alikuwa amekwisha kuvipekua. Vilivyobaki ni kontena, na zilikuwa zaidi ya mia sita. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Alhamisi, na jua lilikuwa limeanza kupata makali. Tangu Jumanne jioni hadi sasa ni siku moja na nusu. Nerima aliona midomo ya Mama Elsie ikitikisika, akajua naye anapiga hesabu ileile.

"Kuna mtu mwingine aliyeigusa kadi hii, mama?"

"Hakuna. Iko humu ndani ya Biblia tangu aiweke mwenyewe."

"Na nani alifika hapa jana?"

"Watu wa kanisa tu. Asubuhi kina mama wawili. Jioni mzee wetu wa kanisa. Nikaenda jikoni nikamchemshia chai, akanywa, akatusomea Zaburi, tukaomba."

Nerima aliandika *watu wa kanisa*, akapiga mstari chini yake na kugeuza ukurasa. Kabla jua halijatua angetamani kujizaba kofi kwa ajili ya mstari huo.

Kisha Mama Elsie aliinua kiganja. Kwenye kadi ya manila, kwa biro ya buluu na mwandiko wa mtu asiye na papara, kulikuwa na tarakimu kumi na moja tu:

4 8 1   8
6 0 7   3
0 8 8

* * *

Yadi ya Tai Wawili ilikuwa inalia. Ndivyo Nerima alivyosikia aliposhuka kwenye Landrova: tik, tak, dung, kutoka kila upande, mara karibu na mara mbali, kama nyumba iliyojaa watu wanaogonga kuta.

"Ni jua, madam," alisema Wehliye, dereva wa kreni, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu licha ya joto. "Chuma kikipata moto kinanyooka. Hulia hivyo mpaka saa kumi."

"Kwa hiyo mtu akigonga kwa ndani?"

Wehliye alivua kofia, akaitazama. "Hutamjua," alisema.

Kuzifungua zote hakungewezekana. Zilikuwa zimepangwa tatu tatu kwenda juu, milango imeelekezwa kwa migongo ya nyingine, na ili kufungua moja ya chini ilibidi kreni iondoe mbili za juu na kuvuta ya mbele. Wehliye alikadiria nusu saa hadi saa nzima kwa kila moja. Nerima alipiga hesabu ya mia sita kwa nusu saa, akaiacha njiani. Aliwaonyesha vibarua ile kadi.

"Ah, hiyo ni boma ya mzae Matheka," alisema mmoja. "Hapa anaielewa yeye na buda wa juu peke yao. Sisi hutupa macho tu."

Buda wa juu alikuwa Naftaly Kivuva, mkuu wa kumbukumbu, mtu wa karibu miaka sitini mwenye sweta ya kijivu, miwani, na kalamu tatu zilizosimama mfukoni. Alipoiona kadi alivua miwani na kuyafuta macho, na Nerima, ambaye ameona machozi ya kila aina kazini, aliyahesabu haya kuwa ya kweli. Hata hapo hakukosea.

"Mimi na Matheka ndio tuliolibuni boma hili," Kivuva alieleza. "Miaka hiyo tulikuwa tukiandika namba kwa chaki ubavuni mwa mabehewa. Mvua inanyesha, inafuta tarakimu moja. Kuli anaegemeza mgongo, nyingine imekwenda. Behewa la kwenda Kisumu linafika Nanyuki, na lawama ni zetu. Ndipo tukasema, namba tuzijengee boma."

"Nionyeshe."

Alivuta kiti karibu na kuweka ncha ya kalamu juu ya kadi bila kuigusa.

"Hizi sita, tatu juu na tatu chini, ndizo ng'ombe. Ndiyo namba ya kontena. Zinazozizunguka ni nguzo. Jumlisha ng'ombe wa mstari wa juu, weka jibu pembeni, na likifika kumi au kuzidi unaandika tarakimu ya mwisho tu. Mstari wa chini hivyohivyo. Halafu jumlisha kwenda chini, kila ng'ombe na mwenzake, jibu unaliweka chini yao."

"Na ng'ombe mmoja akibadilika?"

"Nguzo mbili zitalia, ya pembeni yake na ya chini yake. Zinapokutana ndipo alipo mgonjwa. Na kwa kuwa unaona hesabu imekosana kwa ngapi, unamrudishia namba yake ya zamani. Humwulizi mtu."

Nerima aliipenda hesabu hiyo papo hapo, na akaifanya mwenyewe kwa sauti. "Nne, nane, moja, ni kumi na tatu. Andika tatu. Lakini hapa pameandikwa nane. Inalia. Mstari wa chini: sita, sufuri, saba, kumi na tatu, tatu. Sawa. Kwenda chini: nne na sita, kumi, sufuri. Sawa. Nane na sufuri, nane. Sawa. Moja na saba, nane. Sawa."

"Moja tu inalia," alisema Kivuva kwa upole. "Angekuwa ng'ombe ndiye mgonjwa, zingelia mbili. Nguzo ikilia peke yake, basi ni nguzo yenyewe iliyovunjika, ng'ombe ni wazima. Matheka alikuwa na haraka, tatu ikatoka kama nane. Kontena yenu ni 481607."

Ilikuwa hesabu safi isiyo na ufa. Nerima alimshukuru kwa mikono miwili.

Kadi za kontena zilikuwa ofisi ya chini, katika droo ndefu, zimepangwa kwa namba kutoka ndogo hadi kubwa, kadi mia sita na kumi na nne. Odero alikuwa amekwisha kuanza na ya kwanza, anazigeuza moja moja kwa kidole alicholamba.

"Utazeekea hapo, Koplo. Fungua katikati."

"Katikati wapi, Afande?"

"Popote katikati. Inasema ngapi?"

"550122."

"Yetu ni ndogo. Nusu ya nyuma yote isahau. Katikati ya nusu iliyobaki?"

Kila alipofungua nusu ilikwenda, na nusu ya nusu. Mara ya tisa Odero alishika 481607, akaangalia droo kama mtu aliyefanyiwa mazingaombwe. Safu ya tisa, kichochoro cha pili, chini kabisa.

Ilikuwa saa nne na robo.

* * *

Wehliye alifanya kazi haraka, lakini kreni haina haraka. Ya juu iliondolewa, kisha ya pili, kisha iliyoziba mlango. Saa tano na nusu Odero alikata lakiri kwa koleo na mlango ukafunguka kwa mlio uliowafanya vibarua wote wanyamaze.

Marobota ya mitumba. Yalijaa toka sakafu hadi dari, yamefungwa kamba za plastiki, yananuka dawa ya nondo.

"Atakuwa nyuma yake," alisema Nerima. "Toeni!"

Wakatoa. Vibarua kumi na wawili walipokezana marobota, na Nerima mwenyewe alivua koti la sare na kuingia katikati yao, jasho likimchuruzika mgongoni. "Matheka!" aliita kila baada ya robota. "Bwana Matheka!" Chuma kililia kila mahali, tik, tak, dung. Saa sita na robo waliugusa ukuta wa mwisho. Hapakuwa na mtu, wala hata chupa moja ya dawa.

Kivuva alikuwa amesimama kivulini, leso mkononi. Alimsogelea Nerima.

"Pole sana, Inspekta. Huenda wameihamisha mizigo. Tuzidi kumwomba Mungu. Hata jana jioni nilikwenda mwenyewe pale kwake Mbotela, nikawasomea Zaburi."

Nerima alikuwa akifunga kifungo cha koti. Kidole kilisimama kwenye tundu.

"Ulifanya vyema, mzee," alisema. "Twende ofisini tuitazame tena ile kadi. Nitaomba ile lenzi yako ya kusomea karatasi ndogo."

Njiani alimnong'oneza Odero neno moja, na Odero akabaki nyuma kidogo, akaja akasimama nje ya mlango wa ofisi.

Chini ya lenzi, mwandiko wa Matheka ulikuwa kama barabara. Kwenye kadi kulikuwa na nane nne. Nerima alizitazama moja baada ya nyingine, na hakuharakisha, ingawa kila kiungo chake kilitaka kukimbia.

"Mzee, unaweza kunisaidia jambo? Nikikupa tatu iliyoandikwa kwa biro, unaweza kuigeuza iwe nane?"

"Mtoto wa shule anaweza."

"Na nane, unaweza kuigeuza iwe tatu?"

"Hapana. Lazima ufute, na biro haifutiki bila kuchubua kadi."

"Kalamu huongeza, haipunguzi."

"Ndivyo."

"Keti basi." Alimgeuzia kadi na kumwekea lenzi juu. "Matheka akiandika nane, anaanza juu, mstari unajikata kiunoni, unarudi ulikotoka. Angalia hii ya pembeni, na hii ya mwisho chini. Zote zimejikata. Sasa angalia huyu ng'ombe wa katikati, nane ya mstari wa juu. Haikujikata popote. Ni tatu, na upande wa kushoto mtu ameongeza vikonyo viwili. Wino umegusana lakini haukuungana. Na nguzo iliyo chini yake ni hivyohivyo."

Kivuva hakuitazama lenzi.

"Ng'ombe na nguzo yake," Nerima aliendelea. "Zote mbili tatu, zote mbili zimegeuzwa nane. Ukiongeza tano hapa na tano pale, hesabu ya kwenda chini inakaa kimya. Ilibaki ya pembeni. Ili nayo inyamaze, ilibidi iwe tatu. Lakini Matheka alikuwa ameandika nane, na nane huiwezi. Kwa hiyo ukaiacha ilie, ukatuambia ni nguzo mbovu. Katika kadi nzima, mzee, hiyo ndiyo iliyokuwa ikisema kweli, na ndiyo uliyotuambia tusiisikilize. Nne, tatu, moja. Nane."

"Mke wake angeweza..."

"Mke wake hajui boma. Alikuambia kwamba amewaarifu polisi kuna kadi. Ungeichukua ungejulikana. Akaenda jikoni kukuchemshia chai, akakuachia Biblia mkononi, kwa sababu mwenye nyumba humpa mzee wa kanisa Biblia. Aliambiwa asimpe mtu wa kazini. Hakukuhesabu wewe kuwa mtu wa kazini."

Kivuva alivua miwani, na safari hii hakuna alichofuta.

"Waliniambia ni mpaka treni iondoke," alisema. "Usiku wa leo tu. Kwamba wangemfungulia huko mbele."

"Nani hao?"

Kivuva alizichomoa kalamu zake mfukoni, akazipanga mezani.

"Kontena 431607 iko wapi?"

"Nina familia, Inspekta."

"Na Matheka ana nini?" Nerima alipiga meza kwa kiganja hadi kalamu zikaruka. "Ulikunywa chai ya mtu huku mume wake akikauka ndani ya bati! Iko wapi?"

Mzee alianza kusali kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, macho yamefumbwa, na jasho likimdondoka kidevuni. Nerima aliona kwamba huyo anayeogopwa na mzee ni mkubwa kuliko yeye mwenyewe, kuliko cheo chake na kituo chake, na kwamba kumtikisa zaidi ni kupoteza dakika. Odero alimfunga pingu kwenye bomba la maji.

Huko chini droo ilifunguliwa tena, nusu kwa nusu. Mara ya tisa walifika kati ya 431560 na 431622. Hapakuwa na kitu kati yao. Kadi ilikuwa imeng'olewa.

"Sasa, Afande?" Odero aliuliza. "Tutapita safu zote tukisoma milango?"

"Namba zimepakwa milangoni, na milango imezibwa. Wehliye! Nani mwingine anajua kontena gani iko wapi?"

"Ubao tu, madam." Wehliye alionyesha ukutani. "Na huo ubao umenichelewesha kurudi nyumbani mwaka mzima huu. Kila jioni saa kumi na moja Matheka haniachi niondoke mpaka afunge boma lake."

Nerima aligeuka polepole. "Boma gani?"

Ukuta wa nyuma wa ofisi ya chini ulikuwa umefunikwa na ubao mpana wenye kulabu: safu ishirini na nne kwenda chini, vichochoro kumi kwenda pembeni, na kwenye kila kulabu kadi ndogo moja, mbili au tatu, kulingana na kontena zilizopandana mahali hapo. Aliyeng'oa kadi ya droo hakika alikuwa ameng'oa na ya hapa. Lakini mwisho wa kila safu, na chini ya kila kichochoro, kulikuwa na namba kwa chaki.

"Hizi ni za lini?"

"Jumanne jioni. Jana tulifunga, leo tumesogeza zile za safu ya tisa tu, na kadi zake hatujazigusa."

"Na Mzee Kivuva anazijua?"

"Yeye alipandishwa juu miaka mitatu iliyopita. Hushuka kwa nadra, magoti yanamsumbua. Hii Matheka aliianza Januari."

Nerima hakusubiri kusikia mengine. "Koplo, hesabu kadi kwa safu. Taja moja moja."

"Safu ya kwanza, ishirini na nne."

"Chaki inasema ishirini na nne."

"Ya pili, ishirini na saba."

"Sawa. Endelea."

Sauti ya Odero ilikuwa kavu. Ya tano, sawa. Ya tisa, sawa. Ya kumi na nne, sawa. Vibarua walikuwa wamejaa mlangoni.

"Ya kumi na saba, ishirini na tano."

"Rudia."

"Ishirini na tano, Afande."

"Chaki inasema ishirini na sita. Sasa vichochoro."

Cha kwanza sawa, cha pili sawa, cha tatu, cha nne, cha tano sawa. Cha sita chaki ilisema sitini na tatu, na kadi zilikuwa sitini na mbili. Nerima aliweka kidole kimoja kwenye safu ya kumi na saba na kingine kwenye kichochoro cha sita, akavileta hadi vikakutana kwenye kulabu yenye kadi mbili. Wehliye alikuwa amekwisha kukimbia kuelekea kreni.

* * *

Pale palikuwa na kontena tatu zimepandana, na zile kadi mbili zilizobaki zilikuwa za hizo mbili za juu. Walipoipiga ile ya chini kwa nyundo na kutega masikio, hawakusikia lolote ambalo yadi nzima haikuwa ikisema. Saa saba na dakika ishirini mlango ulifunguliwa.

Joto lililotoka liliwarudisha nyuma hatua mbili. Nzivo Matheka alikuwa ameketi karibu na mlango, mgongo ukutani, shati limekunjwa vizuri na kuwekwa kando. Miguuni pake kulikuwa na chupa kumi na moja za dawa ya kikohozi ya watoto, tupu, zimepangwa kwa mstari. Alikuwa amezifungua kwa meno. Nyuma yake makatoni yalipanda hadi dari, yana picha ya mtoto anayecheka.

Odero alipiga magoti, akamshika shingoni, kisha kifuani, kisha mkononi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Afande," alisema bila kuinua uso. "Vidole bado vinakunjika. Shingo pia ni laini. Huyu hajamaliza saa mbili tangu afe."

Nerima alitazama saa yake ya mkononi. Saa mbili kabla ya hapo alikuwa safu ya tisa, hatua kama mia mbili kutoka hapa, akimwangalia Odero akikata lakiri ya kontena ya mitumba. Alitoka nje, akashika ukuta wa chuma kwa kiganja, na ukamchoma, na hakukitoa upesi.

"Andika vizuri," alimwambia Odero. "Saa ya kufungua, hali ya mwili, chupa. Kila kitu kama kilivyo. Ripoti isiwe na huruma na mtu."

"Hata sisi?"

"Sisi kwanza."

* * *

Saa kumi alasiri nyumba ya Mbotela ilikuwa imejaa akina mama wa kanisa. Habari hutangulia gari. Walikuwa wameketi sakafuni, leso zimefungwa kiunoni, na mmoja alikuwa ameanzisha wimbo kwa sauti ya chini. Walipomwona Inspekta na koplo wake walinyamaza, wakapisha njia hadi kwa Mama Elsie.

Hakuwa akilia. Alikuwa ameketi pale pale alipoketi asubuhi, Biblia mapajani.

"Mlimpata," alisema.

"Tulimpata, mama. Pole. Pole sana."

"Wanasema mmemfunga Mzee Kivuva."

"Tunamhoji."

Mama Elsie alipitisha kiganja juu ya jalada la Biblia, kutoka juu hadi chini, mara mbili. Nerima aliona mawazo yakianza kutembea ndani ya macho yale: mzee, chai, Zaburi, jikoni. Bado hayakuwa yamefika. Yangefika usiku, au kesho, au siku ya maziko.

"Alikufa lini?" Mama Elsie aliuliza.

Koplo Odero alitazama sakafu. Nerima alijua jibu, lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa Odero katika faili iliyokuwa kwapani mwake, na daktari angelithibitisha kesho. Alijua pia kwamba jibu hilo, likitamkwa hapa, mwanamke huyu angeishi nalo kila mara atakapobandika birika jikoni.

"Jumanne, mama," alisema. "Jumanne ileile, jioni."

Mama Elsie alivuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaushika mkono wa Nerima, ule uliochomwa na chuma, akaubana kwa nguvu.

"Afadhali," alisema. "Mimi nilikuwa naogopa kwamba alikuwa akitungoja."